Dokta, Stakabadhi Anakufa

Picha ya kwanza kuingia machoni mwangu leo ilikuwa ya kinyesi cha kuku. Sijanawa uso, nimeshika simu nitazame saa, nakutana na kinyesi. Cha kijani, kimepigwa kwa karibu, mwanga safi, mpiga picha kajitahidi kuliko yule niliyemlipa kwenye harusi yangu. Chini yake: "Dokta shkamoo, hii vipi?" Jina hakuna. Kijiji hakuna. Kuku mwenyewe hakuna. Kinyesi na shikamoo, basi.

Nikamjibu kistaarabu: una kuku wangapi, ulichanja lini, kuna anayepinda shingo? Akanijibu kwa video.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtu mwenye stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo. Nilikwenda kuisomea Mpwapwa, Dodoma huko, kwenye mji ambao hadi kuna ng'ombe walipewa jina lake. Picha ya mahafali ipo ukutani, nimevaa joho, nimetazama mbali kidogo. Sikuwa natazama kinyesi. Nilikuwa natazama maisha, jamani.

Huyu wa video nimekuja kumjua baadaye kwa sauti. Ni yuleyule niliyempitia miezi mitatu nyuma, saa kumi na moja alfajiri, maana kuku unawachanja kabla hawajafunguliwa banda. Wakishatoka ni mbio za Uhuru. Nikamwambia njomba, chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, ukirudia kila miezi mitatu unalala usingizi. Akaniambia wake hawaumwi. Wanakula dagaa. Leo anataka dawa. Mdondo hauna dawa! Nimesema kwenye mikutano ya kijiji, nimesema kwa kipaza sauti, nimesema barazani: una chanjo, dawa hauna. Mtu anakusikiliza vizuri, anatikisa kichwa, anakwenda kuwapa kuku mwarobaini na pilipili, halafu wakifa ananitumia mimi pole kana kwamba walikuwa wangu.

Na mahali pa kunifuata hawachagui. Juzi msibani tumeinama kaburini, koleo liko mkononi, mzee mmoja akaninong'oneza, "Dokta, beberu wangu hapandi." Nikamwambia babu, ngoja tumzike huyu kwanza. Akasema sawa. Akasubiri. Udongo wa mwisho haujatulia, kasogea tena. Wiki hiyohiyo dereva wa bajaji aliitwa Magomeni hapa Mtwara kubeba mgonjwa, akafika, mgonjwa ana mkia, akagoma, nikapigiwa simu mimi niongee naye kuhusu najisi. Mimi si shekhe. Nikaongea naye hivyo hivyo.

Mbwa ni kesi yake. Kila Septemba ikikaribia tarehe 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tunahamasisha. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, ndipo ugonjwa ukose njia. Sasa zunguka mtaani uwatafute wenye hao 70. Baba mtu mzima, kakaa kwenye jamvi, anakwambia, "Huyu si wangu, anapita tu." Mbwa mwenyewe kalalia kandambili zake. Ukitikisa kichwa na kuondoka, unageuka nyuma unamwona anamkatia mapande ya muhogo. Siku ya chanjo wanaokuja ni watoto. Wamewafunga kwa kamba ya katani, kwa mkanda wa suruali, mmoja alimbeba mgongoni kwa kanga ya mama yake, mbwa mkubwa kuliko yeye, ulimi umemfunika sikio. Jina la mbwa? Simba. Jina la mbwa? Simba. Jina la mbwa? Simba. Wa nne akasema Yanga, foleni ikavunjika.

Lakini hayo yote ni madogo. Nataka niwaeleze habari ya Stakabadhi.

Ilikuwa msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Simu ikaita usiku wa saa moja, nimeshaukunja ugali wangu wa muhogo, tonge liko njiani. Sauti ya mtoto wa kiume: "Dokta, bibi anasema Stakabadhi anakufa." Nikameza, nikamjibu kwa upole wa kiofisi kwamba mambo ya stakabadhi, zile risiti za korosho, yapo chama cha msingi cha wakulima, aende huko, mimi ni mifugo. Kimya kidogo. Nikasikia anaulizana na mtu. Akarudi: "Bibi anasema ana miguu minne."

Bibi yule alimnunua kwa pesa za korosho za 2018, msimu ule serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mnaukumbuka, sina haja ya kuwasimulia tulivyozisubiri. Zilipoingia, bibi akapima: shimo la nyuma ya nyumba lina mchwa, wajukuu wana simu, akaamua akiba yake itembee kwa miguu yake yenyewe. Mbuzi jike, mweusi, sikio moja lina pengo. Ndiyo huyo. Wanawe wamelipa sare za shule na bati za jikoni, na mmoja ameliwa kwenye harusi ambayo mimi sikualikwa.

Bodaboda akanitoza mara mbili, kwa sababu ya giza na kwa sababu ya mchanga. Mchanga wa njia ya kule mnaujua. Nilishuka kusukuma, nikapanda, nikashuka kusukuma, nikafika nimelowa jasho hadi kwenye mabuti, na nauli sikupunguziwa hata shilingi.

Uwanja umejaa. Nilidhani kuna mtu kafa. Mwenyekiti wa kitongoji yupo, kavaa kofia ya kuendea ofisini. Mzee mmoja ananuizia kitu kwenye kikombe. Kina mama wamekaa kwenye mikeka wakimtazama jirani mmoja kwa jicho la upande, maana asubuhi alipita akasema "mbuzi wenu kanenepa" na hakumalizia na mashallah. Katikati, bibi kakunja miguu, kichwa cha Stakabadhi kipo mapajani mwake, anampangusa pua kwa ncha ya kanga.

"Mjukuu wangu," bibi akaniambia, "amerogwa. Anatembea kwa ubavu."

Kama kumthibitishia, Stakabadhi akainuka. Akapiga hatua mbili kulia. Akafikiri. Akapiga moja kushoto, akakaa kitako kwenye mkeka wa kina mama, akamkazia macho mwenyekiti. Macho mekundu. Mwenyekiti akavua kofia.

Nikavaa koti langu jeupe. Koti lina kazi yake. Ukilivaa watu wanasogea nyuma. Nikatoa kipimajoto. Sasa mbuzi, kwa wale wasiojua, hapimwi kwapani. Nilipoinua mkia tu, watoto wote wakaguna kwa pamoja, na mmoja akauliza kwa sauti, "Anamuweka HUKO?" Bibi akapandwa na hasira. Akavua kanga ya juu, akamfunika Stakabadhi kuanzia kiunoni, akageukia kadamnasi: "Geukeni huko nyote! Hata yeye ana aibu zake!"

Wakageuka. Mwenyekiti aligeuka wa kwanza. Ndugu zangu, nimempima mbuzi joto chini ya kanga ya heshima, uwanja mzima umenipa mgongo, na mzee wa kikombe amefumba macho kabisa. 39.1. Salama, hana homa. Nikatangaza, wakageuka tena kwa utaratibu.

Nikaweka sikio ubavu wa kushoto. Tumbo kubwa la mbuzi lipo huko, lile la kwanza katika vyumba vinne, na kwa mbuzi mzima unalisikia linajiviringisha walau mara moja kila dakika. Nikaomba kimya. Nikapewa kimya. Nikaanza kuhesabu, simu ya mtu ikalia singeli. Nikaomba tena. Nikasikiliza dakika ya kwanza, ya pili: halitikisiki. Limejaa, limevimba, ukilibonyeza linaacha shimo. Halafu Stakabadhi akanipumulia usoni.

Jamani, harufu ile naijua. Wote pale waliijua.

Sasa hapo ndipo elimu inapompa mtu tabu. Mbele yangu kuna bibi mcha Mungu, tasbihi shingoni, hajawahi kuruhusu kitu hicho kivuke kizingiti. Nyuma ya nyumba nimeshaona kwa tochi pipa la bluu limefunikwa gunia, gunia limevutwa, na kwato zimezunguka kila upande. Kando ya pipa kasimama mtoto wa mwisho wa bibi, mwanamume wa ndevu, anatazama nyota.

"Bibi," nikasema taratibu, "mbuzi amekula mabibo. Mengi. Yalikuwa yamechacha."

"Mabibo gani?"

"Mabibo tu, bibi. Yanayoanguka."

"Yanayoanguka hayachachi kwa siku moja."

Kimya. Mwenyekiti akavaa kofia yake, akakumbuka ana kikao. Nilimwona mtu mzima na cheo chake akiondoka kwa kurudi nyuma.

"Unasema Stakabadhi amelewa?" bibi akauliza. "Huyu halewi. Huyu amelelewa humu ndani."

Nikamweleza kwamba ulevi ni nusu ya habari, nusu ndogo. Tumboni mwa mbuzi mna vijidudu vinavyomeng'enya majani. Ukivimwagia sukari ya mabibo kwa wingi kwa mpigo mmoja, vinageuza yote kuwa asidi, tumbo linasimama, na mbuzi anaweza kufa kweli kabla hakujakucha. Kijana mmoja akainua mkono. "Kwa hiyo dokta, anatengeneza uraka, pombe ya mabibo, mwenyewe humo ndani?" Nikamwambia si mbali na hapo. Vijana wakamtazama Stakabadhi kwa heshima mpya.

Dawa ya kuanzia ni kupunguza hiyo asidi. Nikaagiza bekingi soda dukani. Mjukuu akakimbia, akarudi anahema, akanikabidhi pakiti ya hamira. Hamira! Nikamuuliza, njomba, hii nimpe aumuke? Unataka nimwongezee mitambo? Akakimbia tena. Mwenye duka alikuwa ameshafunga, akafungua kwa sharti aje kutazama.

Nikaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, nikatia kwenye chupa ya soda, nikaanza kumnywesha kwa pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, kichwa kisiinuliwe sana, maana ukiharakisha maji yanaingia mapafuni na hapo umemuua wewe. Kila funda bibi alisema bismillahi. Kisha nikakanda ubavu. Kisha nikasema atembezwe. Nilimaanisha mtu mmoja amtembeze. Ikawa msafara: bibi mbele kashika sikio zima, Stakabadhi na kanga yake, mimi na koti, kina mama, mzee na kikombe, watoto, na mwenye duka. Tulizunguka nyumba ile hadi nikawajua panya wake. Jirani wa jicho naye akaingia kwenye mstari, akasema "mashallah" kila tukipita kwake na kila tusipopita.

Saa sita usiku Stakabadhi akasimama. Akanyoosha shingo. Akapiga mbweu mmoja mrefu, mzito, wenye historia. Uwanja mzima ukajibu alhamdulillahi. Mwenye duka alikuwa analia, na mtu huyo hajawahi kumkopesha mtu kiberiti.

Nikafunga mkoba. Bibi akaniuliza naenda wapi. Nikasema nyumbani, nimwachie majani makavu na maji, asipewe pumba, nitarudi asubuhi. Akaniambia, "Akibadilika usiku nimpigie nani, mwenyekiti?" Mtoto wa mwisho akatandikiwa nje ili mimi nipate kitanda, na kwa pipa lile aliona amepewa adhabu ndogo. Usingizi sikuupata. Ukutani namsikia bibi anazungumza na mbuzi hadi alfajiri, anamtajia kila mwanawe na alikokwenda, anamkumbusha mvua ya mwaka ule, anamwambia asimfanyie hivyo tena yeye si msichana. Saa kumi na moja nikatoka kutazama: Stakabadhi anacheua, anakula ncha ya tasbihi.

Nikataja gharama yangu. "Msimu, mjukuu wangu," bibi akasema. Wote husema msimu. Nadaiwa dukani, najibu msimu, naambiwa wewe una mshahara. Lakini akanipa jogoo, mwekundu, kishingo, miguu kafungwa kwa ukili. "Haya malipo ya kwanza. Ya pili msimu."

Basi nikaja nalo, na mama watoto akaanza kuchambua mchele wa Ijumaa. Alhamisi wanangu wakawa wameshampa jina. Malipo. Ukishampa mnyama jina humli, hilo nimeliona kata nzima, sikudhani lingeingia kwangu. Walilia hadi wapangaji wakatoka. Sasa Malipo analala jikoni juu ya mabuti yangu ya kazi, na asubuhi nikiyataka ananidonoa mimi, ninayemchanja.

Na mkataba wangu wa nyumba una kifungu: mpangaji haruhusiwi kufuga. Afisa mifugo, mbele ya mashahidi, nilitia sahihi. Ningemficha, lakini mnajua umeme wetu. Unakatika jioni, unarudi saa nane za usiku, taa ya jikoni inawaka, Malipo anaona kumekucha. Ntwara kuchele! Anawika mtaa mzima. Mwenye nyumba kaja kunishauri nimdunge sindano ya kunyamazisha. Na mpangaji wa chumba cha mbele amepata pa kusemea: eti jogoo analala na taa, kwa hiyo anatumia umeme, kwa hiyo mchango wangu wa LUKU upande. Huyo anayesema ana pasi, ana feni mbili, na ana kale kajagi ka kuchemshia maji. Kuku hana hata simu ya kuchaji! Nimemwambia twende kwenye mita tukasimame, azime pasi yake nusu saa tuone uniti zinazokwenda mbio ni za nani. Hataki. Mtu anapiga pasi soksi, njomba. Soksi.