Nyimbo Tanga tunazo, tatizo hatuulizi

Tukikaa Watanzania huku Uingereza, haichukui muda utasikia: Wazungu wanawatupa wazee wao, sisi tunaishi nao. Mimi riziki yangu ni kuwahudumia hao wanaosemwa wametupwa, kwenye nyumba ya wazee hapa Leeds, na kila nikisikia maneno hayo nawaza Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga. Kuishi na mzee nyumba moja ni jambo moja. Kujua anapenda kusikia nini ni jambo jingine, na hapo Tanga tumezidiwa, tena na watu ambao shikamoo hawaijui.

Huku mtu hajiiti mtaalamu wa tiba ya muziki mpaka asomee na jina lake liingie kwenye daftari linalotambuliwa kisheria. Kazini kwetu anakuja mmoja na gitaa lake. Hapigi ovyo. Anaanza na ndugu: huyu mgonjwa wa kusahau (dementia) alipokuwa kijana alicheza muziki gani, kanisani aliimba nini, harusini kwake kulipigwa nini? Nyimbo za umri wa miaka 10 hadi 30 hivi ndizo zinazong'ang'ania kichwani, hata majina ya watoto yakishapotea. Yupo mwanamuziki wa Kiingereza, Clive Wearing, ambaye mwaka 1985 virusi vilimwingia kwenye ubongo. Yaliyopita muda mfupi tu nyuma hayakumbuki, lakini mweke mbele ya piano uone.

Siuzi dawa hapa. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa tiba hii huenda inapunguza huzuni na matatizo ya tabia kwa jumla. Kumbukumbu yenyewe hairudishi. Lakini anayemwogesha mgonjwa wa kusahau anajua thamani ya asubuhi isiyo na ugomvi.

Sasa njoo Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mji wa bendi ya dansi ya Atomic Jazz, mji alikoimba Shakila, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Pangani. Bibi aliyekuwa msichana miaka ya 1960 pale Ngamiani ana akiba ya nyimbo ambayo yule mtaalamu wetu angeililia. Akianza kusahau, tunamfanyia nini? Tunasema utoto umemrudia, wengine wanasema karogwa, anawekwa chumba cha uani, na sebuleni wajukuu wamefungulia singeli mpaka vikombe vinatetema. Akipiga kelele: "Bibi leo kazidi."

Nitajibiwa kwamba bibi keshahiji, taarabu aliiacha, na mwanawe hataki hata kuisikia. Hoja hiyo siicheki, mama yangu mkubwa ni hivyohivyo. Basi kuna kasida, kuna maulidi na dufu lake, mambo aliyoyashika tangu chuo cha Kurani akiwa mtoto. Msambaa ana mdumange wake, Mkristo ana tenzi. Wa kuchagua ni mzee, si anayenunua luku.

Gharama haipo: simu, spika ya sauti ya wastani, televisheni izimwe, na mtu mmoja akae naye amtazame uso. Cha haraka ni daftari. Muulizeni sasa angali anajibu: wimbo gani, aliuimba nani, wewe ulikuwa wapi. Ukurasa mmoja uwe wa nyimbo za kutopigwa kabisa, maana wapo ambao wimbo wa harusi yao unawaliza kutwa nzima, na wa kuwabembeleza mtakuwa nyinyi.