Kofia ya Hariri na Meza ya Mababu

Siku chache kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, mwaka 2022, wazee wa Seonggyungwan jijini Seoul, taasisi inayotazamwa Korea Kusini kama mlinzi wa mila za Kikonfusio, yaani zitokanazo na mafundisho ya Confucius, mwalimu wa China ya kale, walitoa mwongozo uliozua gumzo: meza ya tambiko la mababu haihitaji vyakula vya kukaanga. Aina sita zinatosha, matunda na pombe zikiwemo, na anayetaka kuongeza aishie tisa. Utasema hiyo ni habari ya jikoni tu. Ni ya jikoni kweli, na uzito wake uko hukohuko.

Maana jikoni ndiko malalamiko yalikoanzia. Wake wa ukoo hushinda kwenye mafuta ya moto wakiwaandalia mababu wa waume zao, watu ambao hawakuwahi kuwaona, huku mababu zao wenyewe wakihudumiwa na wake wa kaka zao. Chakula kikiiva, wanaume hujipanga mbele ya meza na kusujudu. Anayedai kwamba Ukonfusio ni mzigo aliotwishwa mwanamke hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hata sheria ilikaa upande huohuo: mpaka mwaka 2005, Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini ilipouona haupatani na katiba, mfumo wa usajili wa familia ulimweka mwanamume kuwa kichwa cha nyumba. Ulifutwa rasmi mwaka 2008.

Huko China lawama hizi ni za zamani zaidi. Vijana wasomi wa miaka ya 1910 waliona mafundisho haya yamewafunga watu miguu na mikono: mwana chini ya baba, mke chini ya mume, raia chini ya mtawala.

Wanaoutetea Ukonfusio huanzia pengine, nao wana hoja. Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 KK katika dola ya Lu, alijenga mafundisho yake juu ya *ren*, neno ambalo sisi hatuna shida kulifasiri: ni utu. Herufi yake ya Kichina huunganisha alama ya mtu na alama ya mbili, maana utu hauonekani kwa mtu aliye peke yake. Pamoja nalo liko *li*, ambalo wengi hulifasiri ibada au taratibu. Mimi naona "adabu" inakaribia zaidi, ile adabu inayoanzia kwenye kupokea kitu kwa mikono miwili na kuishia kwenye maziko. Na *xiao* ni kuwatii na kuwatunza wazazi, ingawa Confucius mwenyewe alionya kuwa kumlisha mzazi peke yake si kitu, kwani hata mbwa na farasi tunawalisha. Watetezi husema moyo haujui njia usipofundishwa na mwili. Mtoto anayeinama mbele ya picha ya babu hajui anachofanya, ila siku akifiwa na babake, mgongo wake utakuwa umekwisha kujua.

Hoja hii naikubali, lakini haijibu swali la nani anayekaanga.

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika simulizi mbili za Confucius mwenyewe. Ya kwanza ni ya kofia. Desturi ilitaka kofia ya sherehe iwe ya katani. Watu wakaanza kuvaa za hariri kwa kuwa zilikuwa na gharama ndogo, naye akawafuata. Ila walipoanza kumsujudia mtawala wakiwa wameshapanda barazani, badala ya chini kama zamani, alikataa, akaona ni kiburi. Kilichopunguza gharama alikiachia; kilichopunguza heshima alikishikilia. Kwa kipimo hicho vyakula vya kukaanga ni kofia, na wazee wa Seoul hawakuvunja kitu.

Ya pili inaharibu wepesi huo kidogo. Mwanafunzi wake Zigong alitaka kuacha kuchinja kondoo wa tambiko la mwezi mpya, kwa kuwa tambiko lenyewe lilikuwa limebaki jina tu. Confucius akamwambia kwamba yeye Zigong anamhurumia kondoo, ila mwalimu wake anaihurumia ibada. Kwa hiyo si kila gharama inapunguzwa. Lakini kondoo yule alitolewa kwa niaba ya wote, na jikoni mwa Chuseok anayetolewa ni mmoja, mke.

China ya leo imejaribu njia nyingine. Julai 1, 2013 ilianza kutumika sheria inayowataka watoto waliohama kuwatembelea wazazi wazee mara kwa mara, na siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ikamwamuru binti mmoja amwone mama yake walau mara moja kila miezi miwili. Mzee aliyeachwa peke yake ana haki ya kupata mgeni, hilo silipingi. Ila sioni *xiao* inayotekelezwa kwa hati ya mahakama.

Mwanafunzi mwingine, Zai Wo, aliwahi kulalamika kwamba miaka mitatu ya kuomboleza wazazi ni mingi mno, mmoja unatosha. Confucius akamuuliza kama, baada ya mwaka mmoja, atakula wali mzuri na kuvaa mavazi ya fahari huku roho yake imetulia. Zai Wo akasema itatulia. Basi fanya hivyo, akaambiwa. Alipokwisha kutoka ndipo mzee alipowageukia waliobaki akasikitika kwamba mtoto hubebwa na wazazi miaka mitatu kabla hajaachia mikono yao.