Kutoka Bamvua Hadi Bamvua

Anayesafiri kwa miezi mingi hachoshwi na njia peke yake. Kinachommaliza zaidi ni kuamua: alale wapi usiku wa leo, apande gari lipi kesho, fedha abadilishe kwa nani, na kama mlango wa chumba alichopewa unafungika. Mtu aliye kwao huyamaliza mambo hayo mara moja akayasahau kwa miaka, ilhali msafiri huyaanza upya kila anapoingia mji mwingine, na ndiyo maana usingizi wa usiku mmoja haumtoshi hata ukiwa mzito. Kwa hiyo nina msimamo niliojengewa na safari zangu mwenyewe: katikati ya safari ndefu, msafiri asimame ufukweni, apange nyumba pamoja na watu aliokutana nao njiani, na asiondoke mpaka maji yamalize mzunguko wao, kutoka bamvua hadi bamvua.

Naitaja bamvua kwa makusudi. Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku hujaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu za mwezi na jua huungana, maji yakapanda sana na kupwa sana, na hayo ndiyo maji ya bamvua. Baina ya nyakati hizo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kati ya bamvua na bamvua ni siku 14 au 15. Anayekaa siku tatu huondoka akidhani ameiona pwani ile, kumbe ameona hali yake moja tu. Anayekaa mzunguko mzima hukuta kwamba saa ile ile ambayo maji yalikuwa yamejaa alipowasili, wiki moja baadaye yamepwa na pale alipoogelea sasa anapita kwa miguu. Hapo ndipo pumziko linapoanza kwa kweli, kwa sababu saa ya kuogelea, saa ya kutembea na saa ya kukaa kivulini zimekwisha kupangwa na bahari, na katika nyumba ya watu wengi hakuna haja ya kikao wala ya mtu kumshurutisha mwenzake.

Si kila bahari hufanya hivyo. Katika sehemu kubwa ya Mediterania na ya Baltiki maji hupanda na kushuka kidogo sana, wakati katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada tofauti hufikia takriban mita 16. Palipo na maji matulivu, upepo unaweza kushika kazi hiyo: mchana wa jua nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake ikapanda na upepo ukavuma kutoka baharini, usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka. Bado nashauri siku ziwe zile zile.

Sababu ya pili ya kukaa muda huo ni hao marafiki wapya. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha utafiti ambao baadhi ya washiriki wake walikuwa watu waliohamia mahali papya karibuni. Alikadiria kwamba watu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili watoke katika kujuana tu na kufikia urafiki wa kawaida, karibu saa 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Katika maisha ya kazi na familia, saa 200 huchukua miezi mingi kukusanyika. Watu wanaoishi nyumba moja wanaweza kuzikusanya katika wiki mbili. Kila msafiri anayajua mazungumzo ya njiani, ya umetoka wapi, unakwenda wapi, umesafiri kwa muda gani, ambayo hurudiwa kwa kila mgeni hadi mtu akachoka kujieleza. Kukaa pamoja huyamaliza maswali hayo katika siku chache za mwanzo. Baada ya hapo watu hunyamaza bila kuoneana haya, kisha huanza kusema yale ambayo hawakuwa wamekusudia kuyasema: mzazi anayeugua nyumbani, kazi iliyoachwa bila uhakika wa kurudi, hofu kwamba safari yenyewe imekuwa njia ya kukwepa jambo fulani. Nimesikilizwa hivyo na watu ambao mwezi mmoja nyuma sikuwajua, na nimewasikiliza, na nauona kuwa wema mkubwa.

Urafiki huo una wajibu wake, na wahenga waliusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gharama za nyumba zigawanywe waziwazi tangu siku ya kwanza, kupika na kufagia kuwe kwa zamu, na anayetaka kukaa peke yake kutwa nzima asidaiwe maelezo. Katika kuogelea sikubali ulegevu wowote. Asiende mtu majini bila mwingine kujua, na kila mmoja afahamu kwamba akinaswa na mkondo unaovuta kuelekea baharini, asipambane nao kurudi moja kwa moja, bali aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke ndani yake, ndipo aelekee nchi kavu.

Wapo wanaosema kwamba kukaa hivyo ni kupoteza siku ambazo zingetosha kuona miji mingine, hasa kwa mwenye viza inayohesabika. Hesabu hiyo naielewa, ila nimewaona waliokataa kusimama wakipita katika miji hiyo bila hamu ya kuiona. Ninalolihofia zaidi ni kishawishi cha siku za mwisho, pale mtu anapobadili njia yake yote ili asiachane na wenzake. Usisafirie nyota ya mwenzio. Ni afadhali kila mmoja ataje siku yake ya kuondoka mapema, na anayetaka kuonana tena aseme ni mji gani na mwezi gani, ili mwenzake naye ajibu kwa uhakika kama atafika au hatafika.