Kilomita 200 kulifuata anga la Goma

Goma, mashariki ya Kongo, mwezi mwandamo hulala chali juu ya Ziwa Kivu kama mtumbwi, ncha zake mbili zikitazama juu. Nilipofika Montréal, Kanada, jioni moja ya wiki zile za kwanza, niliuona umesimama wima juu ya maghorofa, umeegemea upande kama mtu anayengojea mlangoni. Nilibaki kwenye kituo nikiutazama mpaka basi langu likaondoka. Kwetu Himbi, mtaa wa Goma, ni digrii mbili hivi kusini mwa ikweta, hapa ni digrii 45 kaskazini. Mwezi ni ule ule, mimi ndiye niliyehama juu ya mgongo wa dunia. Theluji nilikuwa nimeambiwa. Habari ya mwezi hakuna aliyeniambia.

Nyota, hizo sikuziona kabisa. Usiku mzuri usio na wingu, ukiwa katikati ya jiji, utahesabu chache, labda na Zuhura au Mshtarii, basi. Mwanga wa taa hupanda, hukutana na vumbi na unyevu wa hewani, hurudi chini kama pazia. Majira ya baridi ni mabaya zaidi kwa sababu theluji nayo inaurudisha juu mwanga wote unaoiangukia. Binti yangu amezaliwa hapa. Alipokuwa na miaka sita alileta nyumbani mchoro wa usiku: nyumba, mti, na anga la rangi ya chungwa. Nilimuuliza kwa nini hakulipaka rangi nyeusi. Akanitazama, akanijibu kwamba usiku ndivyo ulivyo. Na kwa kweli, dirishani petu ndivyo ulivyo.

Mchoro ule ulinisumbua kuliko nilivyotegemea. Mwaka 2016 watafiti walichapisha ramani ya mwanga wa usiku wa dunia nzima, wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawaioni tena Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, mahali wanapoishi. Kwa Amerika Kaskazini ni karibu watu 80 katika kila 100. Mtoto wangu ni mmoja wao, na mimi ndiye niliyemleta huku.

Tulianza kulitafuta giza karibu. Tulikwenda Oka, magharibi ya jiji. Nyota ziliongezeka, lakini upande wa mashariki Montréal ilikuwa bado inawaka kama moto wa nyasi nyuma ya kilima. Ndipo rafiki yangu wa Bukavu anayeishi Sherbrooke akaniambia twende Mont-Mégantic, zaidi ya kilomita 200 mashariki ya Montréal. Tulichagua usiku wa Oktoba usio na mwezi. Tulizima taa za gari karibu na kijiji cha Notre-Dame-des-Bois, tukakaa kimya. Macho yanahitaji dakika 20 au 30 kuzoea, na ukiwasha simu mara moja unaanza upya, kwa hiyo simu zote zilifungiwa mfukoni.

Kwanza hakuna. Kisha Njia Nyeupe ikatoka taratibu kutoka msitu hadi msitu, na rafiki yangu akasema kwa sauti ya chini, "Yaya, hii giza nilishaisahau." Nilimwonyesha binti yangu galaksi ya Andromeda, mkusanyiko wa nyota ulio mbali sana. Ukiitazama moja kwa moja inakimbia, ukitazama kando yake kidogo inarudi, doa jepesi kama pumzi kwenye kioo. Nilimwambia kwamba mwanga ule umesafiri miaka milioni 2.5 mpaka kumfikia. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wa hapa nikiwasimulia safari ile huniambia: ninyi wa Kongo mna bahati, kwenu giza lipo bure. Hata baadhi ya Wakongo wenzangu wa huku wameanza kusema hivyo, na mimi nalikataa neno hilo kwa moyo wote. Giza la Mégantic ni la watu waliochagua. Gari lina petroli, hospitali ina umeme, na asubuhi utarudi nyumbani salama. Giza la kwetu lilituangukia katikati ya chakula. Nilisoma kwa mshumaa, mama akisogeza sufuria ya sombe kwa kupapasa. Msichana aliyetumwa dukani saa mbili usiku alirudi mbio, moyo ukimpiga. Miaka ya vita imetufundisha kuogopa kila kinachosogea gizani. Umeme uliporudi avenyu nzima ililipuka kwa kelele za watoto, "Eee, imerudiiii!", na furaha ile ilikuwa ya kweli. Sitamwambia mtu yeyote wa mitaa yetu ya Majengo au Birere asikitike anapowekewa taa mlangoni kwake.

Na kuna usiku ambao hata nyota zenyewe hatukuzitaka. Januari 17, 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikaukata mji vipande viwili mpaka ziwani. Tulivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na umati wa watu, tukalala nje. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Anga la upande wa kwetu lilikuwa jekundu, na wakubwa walikuwa wanalitazama hilo tu.

Lakini kuna jambo Mégantic ilinionyesha, na hilo ndilo nataka lifike Goma. Kule hawakuzima taa. Mwaka 2007 eneo lile lilitambuliwa kuwa hifadhi ya kwanza ya kimataifa ya anga la giza, na ndani ya hifadhi hiyo umo mji wa Sherbrooke, wenye watu zaidi ya 150,000. Walibadilisha taa: wakazivika kofia ili mwanga uende chini barabarani, wakapunguza nguvu iliyozidi, wakachagua rangi ya njano iliyokolea badala ya nyeupe kali inayotawanyika zaidi hewani. Juu ya mlima kuna kituo cha watafiti wa nyota cha tangu 1978, chenye darubini ya kioo cha mita 1.6, na kilikuwa hatarini kupofushwa na miji iliyokizunguka. Leo watafiti wa nyota wanafanya kazi, na mama wa Sherbrooke anatembea kwenye mwanga. Tusikubali mtu atuambie tuchague kimoja.

Goma taa zinaongezeka, na ninazifurahia. Ila nilipokwenda kusalimia mara ya mwisho niliona globu zilizo uchi ukutani, zinamulika mawingu kuliko zinavyomulika mlango, na taa kubwa za ufukweni zimeelekezwa moja kwa moja ziwani. Umeme wetu ni ghali na ni haba, kwa nini tuupeleke mbinguni? Taa yenye kofia inaangaza barabara zaidi kwa umeme ule ule, tena haimwumizi macho motari wa pikipiki anayekuja mbele.

Na anga tunalolifunika si la kawaida. Mtu wa Mégantic, hata apewe giza lote la dunia, hataona Msalaba wa Kusini maisha yake yote akiwa pale. Hataona Mawingu ya Magellan, makundi mawili ya nyota yanayofanana na wingu, wala Alfa Sentauri, jirani wa karibu wa jua letu. Sisi tuko karibu na ikweta, na mwaka ukizunguka karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu yetu. Zaidi ya hapo, mji umekaa ufuko wa kaskazini wa ziwa. Ukitazama kusini, mbele yako ni maji, na jioni za Mei na Juni Msalaba unasimama pale pale juu ya maji. Giza la upande ule tulipewa na ziwa lenyewe. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanalijua: mjomba wangu alikuwa hatoki mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu sambaza hawaifuati taa ya mtumbwi maji yote yakiwa meupe. Taa zao zilikuwa nyota za chini, nasi watoto tulizihesabu pamoja na za juu.

Kijana wa kwetu anayetaka kuanza hahitaji kununua kitu. Umeme ukikatika, panda darini au kaa uani kwenu, usubiri macho yazoee. Usiende kujilaza kwenye mabonde ya lava upande wa Sake. Mazuku, gesi inayoua itokayo ardhini, hutuama mahali pa chini, hasa usiku upepo ukitulia, na gesi ile haina harufu ya kukuamsha.

Usiku ule wa Mégantic, ilipofika saa nne, nilijua kwamba Goma ni saa kumi alfajiri na mama ameshaamka kusali. Nilifunika simu kwa shali nikampigia. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kimepanda juu ya miti upande wetu wa mashariki. Nilimwambia atoke uani, atazame juu karibu na utosi, upande wa kaskazini. Tulisikia mlango, kisha mbwa wa jirani. Akasema mawingu ni mengi, ngoja. Tukangoja. Akasema, "Nimekiona," akaanza kuhesabu kwa sauti, na binti yangu akahesabu pamoja naye. Mama alipata sita. Binti yangu alipata saba, akamwomba arudie.