Eastleigh ya Filamu, Eastleigh ya Wachuuzi

Wachuuzi wa nguo wa soko la Kibuye, Kisumu, wanaijua Eastleigh. Hupanda basi la usiku, wakashuka Nairobi alfajiri, wakazunguka maduka ya jumla na kurudi na mzigo. Katika filamu ya Eye in the Sky (2015), mtaa huohuo umeshikwa na wanamgambo wenye bunduki na vizuizi barabarani. Picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini.

Utaambiwa ni sinema tu, tusikaze sana. Ningekubali kama kosa lingekuwa la mandhari. Lakini hadithi nzima imesimama hapo. Kikosi cha Kenya kiko tayari kuwakamata magaidi, ila hakiingii kwa kuwa kuingia ni kuanzisha vita mtaani. Basi linabaki kombora la ndege isiyo na rubani. Ilhali Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, wakakamata maelfu ya watu na kuwarundika uwanja wa Kasarani. Ubaya wa msako ule una mjadala wake, kuingia hakukuwashinda.

Hata hivyo siwezi kuitupa filamu hii. Ni wachache wanaojua kumkaba mtazamaji roho bila milio ya risasi. Mtoto wa kike anauza mikate kando ya nyumba inayolengwa. London, mawaziri na wanasheria wanarushiana swali la kupiga au kutopiga; waziri mmoja anatafutwa hadi Singapore, tumbo limemchafuka. Helen Mirren, akiigiza kanali, anambana sajini anayekadiria uwezekano wa mtoto kufa mpaka tarakimu ishuke chini ya asilimia 50. Sajini anajua fika anachoombwa. Barkhad Abdi, jasusi pekee aliye karibu, anajaribu kununua mikate yote ili mtoto aende zake. (Ukiikuta kibandani ikiwa na maelezo ya DJ, achana nayo: utamu uko kwenye kimya, na DJ hanyamazi.)

Wanaoisifu husema inawauliza wakubwa swali gumu. Ni kweli, tena kwa ustadi. Ila inawauliza baada ya kuliondoa mezani jibu la kawaida, la askari kwenda kubisha mlango. Njia hiyo ikishazibwa, huruma yetu inawaendea wanaoidhinisha na wanaobonyeza kitufe kule Nevada, Marekani, ndege hiyo inakoongozwa, huku wazazi wa mtoto tukiwaona kwa vipande tu.