Deni la ambulensi Marekani: liguse krediti au lisiguse?

Ukipiga 911 Marekani, huulizwi ni ambulensi ya nani ije kukuchukua. Inakuja iliyopo zamu, iwe ya zimamoto, ya kaunti au ya kampuni binafsi. Kama haina mkataba na bima yako, utalijua hilo bili ikifika. Sheria ya No Surprises Act, iliyoanza kutumika Januari 2022, ilimkinga mgonjwa dhidi ya bili za namna hii kwenye huduma za dharura hospitalini, hata kwenye helikopta za wagonjwa. Ambulensi za barabarani ikaziacha nje.

Bili isipolipwa hupelekwa kwa wakusanya madeni, nao wanaweza kuiripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza ripoti ya krediti, yaani kumbukumbu ya mikopo na madeni ya mtu, ambayo wakopeshaji na wenye nyumba huiangalia. Kwa Mkongomani au Mkenya anayetafuta apatimenti, doa hilo peke yake linaweza kumkosesha nyumba. Januari 2025 CFPB, shirika la serikali linalolinda watumiaji wa huduma za fedha, lilipitisha kanuni ya kuondoa madeni ya matibabu kwenye ripoti za krediti. Kwa makadirio yake, yangefutika humo madeni ya dola bilioni 49 ya watu milioni 15. Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua, ikisema shirika limevuka mamlaka yake.

Wakopeshaji wana hoja yao: deni ni deni, na asiyeliona atamkopesha mtu asiyeweza kurejesha. Mimi nasikiliza zaidi hoja ya wenye ambulensi. Gari na wahudumu lazima wawe tayari saa 24, hata siku ambayo simu haikulia, ilhali Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, kwa kawaida hulipa pale tu mgonjwa anaposafirishwa. Vijijini, ambako wagonjwa ni wachache, bili zisizolipwa huumiza kwelikweli. Lakini gharama hiyo ya kukaa tayari ni ya kaunti nzima, kama ilivyo ya kuzima moto, na kodi ipo kwa kazi hiyo. Kumbebesha aliyeanguka njiani, kisha kumchafulia jina kwa miaka saba, ni kukosea mlango. Na huyo hakuomba mkopo popote.

Tena deni lenyewe mara nyingi halijakaa sawa. Tazama bili moja: ada ya msingi, kiasi kwa kila maili, oksijeni. Anwani imenakiliwa kutoka leseni ya zamani, na pa kuandika namba ya bima pako wazi, maana mgonjwa alikuwa hajitambui. Bima haijaletewa dai lolote, barua zote zimekwenda alikohama, na cha kwanza kumfikia ni simu ya mkusanya madeni.

Ndiyo maana muda wa kusahihisha makosa hayo una thamani kubwa. Tangu Julai 2022 zile kampuni tatu za ripoti za krediti husubiri mwaka mmoja kabla ya kuweka deni la matibabu kwenye ripoti, na likishalipwa huliondoa. Tangu Aprili 2023 yale ya chini ya dola 500 hayawekwi kabisa, ingawa bili ya ambulensi huvuka kiwango hicho kwa urahisi. New York imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2023 inakataza kuripoti madeni haya, ya ambulensi yakiwemo.

Basi kabla ya kulipa, piga simu ofisi ya bili uwape namba ya bima. Mwenye Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, asikubali kudaiwa salio. Mtoa huduma aliyepokea malipo ya Medicaid haruhusiwi kulidai. Mkusanya madeni akikuandikia, una siku 30 za kulipinga kwa maandishi na kumtaka athibitishe deni. Na usilihamishie kwenye kadi ya krediti ili mradi simu zikome: pale linageuka deni la kawaida lenye riba, na kinga ya mwaka mmoja imekwisha.