Acheni Kuikereza Injini ya Kufyekea Nyasi

“Kaka, hiyo si injini, hiyo ni nanga.”

Aliyenitamkia hayo ni kijana mmoja tunayerusha naye ndege za rimoti. Nilikuwa nimeweka mezani injini ya cc 31 niliyoifungua kutoka kwenye mashine ya kufyekea nyasi, propela ikiwa imeshafungwa. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaishusha kwa miwili. Tukaipima: kilo 1.9. Ya kwake, iliyozaliwa kiwandani ikiwa ya ndege na yenye ujazo unaokaribiana na wa yangu, ilikuwa kilo 1.2 pamoja na betri na kisanduku cha kuzalisha cheche. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana siku hiyo jibu sikuwa nalo.

Sasa ninalo, na ni refu kidogo.

Kila anayeanza kuzigeuza injini hizi naona anafuata njia ileile. Akishaifungua, kitu cha kwanza ni kukimbilia kwa mkerezaji ili flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, ipunguzwe mpaka ibaki kama sahani. Mwingine anaitupa kabisa, pamoja na koili yake, halafu ananunua mfumo wa cheche wa elektroniki. Hapo ataongeza betri, swichi, kihisio na sumaku ndogo ya kubandika kwenye habu, kile kipande kinachoshikilia propela. Akimaliza kujumlisha gharama anakuta amekaribia bei ya injini mpya ya ndege, na bado kizimba cha injini yake ni kizito kuliko cha ile mpya. Amekosa urahisi, amekosa wepesi.

Hesabu ya zamani ilikuwa tofauti. Ndege za mfano zilianza na petroli na plagi ya cheche. Injini ya Brown Junior ya miaka ya 1930 ilikuwa hivyo. Mwaka 1947 Ray Arden wa Marekani akaleta plagi ya waya unaowaka, na watu wakahamia kwenye methanoli kwa sababu ghafla hakukuwa na haja ya kubeba koili wala betri angani. Lakini injini hunywa methanoli nyingi. Kuunguza gramu moja ya petroli kunahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Methanoli inahitaji 6.4 tu. Kwa hewa ileile inayopita kwenye silinda, basi, tangi la methanoli linakauka kwa kasi mara mbili na zaidi. Ukitaka ndege kubwa, mafuta yanakumaliza. Hapo ndipo wajanja walipozitupia macho mashine za bustani, ambazo zilikuwa zimeanza kuenea. (Ile ya kufyekea kwa uzi wa nailoni ilibuniwa na George Ballas huko Houston mwaka 1971, baada ya kuangalia brashi zinazozunguka za mashine ya kuoshea magari. Huwa nakumbuka hilo kila nikishika injini hizi: safari yake ilianzia kwenye povu la sabuni.)

Leo injini ndogo za petroli za ndege zimejaa na bei zake zimeshuka. Kwa hiyo anayegeuza injini ya kufyekea kwa kuokoa pesa peke yake, mimi namwambia aachane nayo. Anayetaka ndege nyepesi ya kupiga sarakasi, naye anunue ya kiwandani. Hapo sina ubishi hata kidogo. Ubishi wangu ni juu ya uzito, ambao watu wameamua kuwa ni kasoro popote ulipo.

Flaiwili ina kazi tatu kwenye mashine ya kufyekea. Inabeba sumaku zinazopita mbele ya koili na kuzalisha cheche. Mapezi yake yanapuliza hewa ya kupoza silinda. Na uzito wake unaipitisha pistoni kwenye mgandamizo, kwa sababu kile kichwa cha uzi hakina uzito wa kutosha kuendeleza mzunguko. Ukifunga propela ya inchi 18, kazi ya pili na ya tatu zinachukuliwa na propela. Kwa hiyo wakerezaji wana hoja: chuma kingi pale hakina kazi tena. Ninachouliza ni hiki: ukishaondoa gramu mia nne puani, utaweka nini mahali pake?

Mimi nilikuwa nimejenga Sopwith Camel, ile ndege ya Uingereza ya mabawa ya ghorofa iliyoingia vitani 1917, kwa kipimo cha moja kwa tano. Mabawa ya Camel halisi yalikuwa mita 8.53, ya kwangu yanakuja mita 1.7. Mwangalie Camel kwa ubavu. Pua ni fupi mno, mkia mrefu. Injini, bunduki, tangi na rubani vyote vilirundikwa ndani ya mita mbili na kidogo za mbele. Injini zenyewe, kama ile Clerget, zilikuwa za aina ambayo silinda zote zinazunguka pamoja na propela. Yaani ndege nzima ilisanifiwa ikitegemea lundo la chuma linalozunguka puani. Halafu sisi tunaijenga kwa mbao laini, tunaifunga injini nyepesi ya kisasa, tunashangaa mkia unagusa chini, tunayeyusha risasi, yale madini mazito, na kuipachika mbele. Risasi haizungushi propela. Haitoi cheche. Imekaa tu.

Yangu niliifunga na flaiwili yake nzima, koili yake na ekzosi yake. Kupata mizani sawa nilisogeza tu betri ya risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, sentimita chache. Gramu ya risasi hata moja sikuongeza.

Na kuna faida ambayo haionekani kwenye mizani. Magneto, yaani hiyo flaiwili yenye sumaku pamoja na koili yake, haihitaji betri. Hakuna swichi ya betri ya kulegea kwa mtetemo, hakuna waya wa kihisio wa kukatika. Cheche hupigwa pistoni ikiwa haijafika juu kabisa, digrii kama 28 hadi 30 kabla, na muda huo umeshikwa na kijichuma kinachofunga flaiwili kwenye krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hausogei. Hasara yake nayo ni hiyohiyo: hausogei hata unapowasha. Mfumo wa elektroniki huchelewesha cheche wakati wa kuwasha. Magneto haichelewi, na ukizungusha propela kwa uvivu propela inaweza kurudi nyuma ikakupiga mkono. Navaa glavu nene ya ngozi, nazungusha kwa nguvu au sizungushi kabisa, na kuna mtu ameshika mkia. Kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika ncha ya propela ya inchi 18 inakwenda kama kilomita 620 kwa saa. Swichi ya kuzima, ile inayopeleka waya wa koili kwenye bodi ya injini, naifunga kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye habu, maana hapa ndipo ningetaka pesa ya mkerezaji iende.

Injini nyingi za bei nafuu za kufyekea zina krankishafti ya upande mmoja: beringi ziko upande wa flaiwili tu, upande wa pili pini inayoshika fimbo ya pistoni inaning’inia. Propela haina pa kufungwa isipokuwa mbele ya flaiwili, na habu lazima ikae kwenye mhimili huohuo bila kuyumba. Ya kwanza nilipeleka kwa fundi, akanirudishia kitu kinachong’aa kama bangili. Nikaifunga, nikawasha, meza ikatembea. Boliti mbili za ukuta wa injini zililegea kabla tangi halijafika nusu. Nikafikiri propela haina usawa, nikaipima: iko sawa. Nikafunga nyingine: meza ikatembea tena.

Jioni nikachukua penseli, nikaibana kwenye tofali ncha yake ikigusa ncha ya propela, nikazungusha taratibu nusu mzunguko. Ncha ya pili ikapita mbali na penseli kwa zaidi ya milimita tatu. Uso wa habu ulikuwa haujanyooka na tundu lake, tofauti ya milimita 0.3 tu kwenye upana wa milimita 40. Kwa macho huioni. Lakini zidisha mpaka kwenye propela ya milimita 457, unapata karibu milimita tatu na nusu. Nikamrudia fundi, safari hii nikamwomba atoboe na kukereza uso bila kukifungua chuma kwenye mashine, kwa mkupuo mmoja. Alinuna, akafanya. Meza ikatulia. Tangu hapo habu haifungwi ndegeni mwangu kabla ya kupita kwenye penseli.

Jambo la pili linalostahili muda wenu ni kabureta. Hizi za mashine za bustani, nyingi zikiwa za Walbro au zilizoigwa kutoka kwao, hazina boya. Ndani kuna utando wa mpira; mivumo ya shinikizo kutoka kwenye kizimba cha injini inaupigisha utando mmoja kama pampu, na mwingine unapima mafuta yanayoingia. Ndiyo maana mtu anaweza kuigeuza mashine kichwa chini akifyeka kingo za mtaro na isizime. Na ndiyo maana inafaa ndegeni bila kubadilishwa.

Inafaa, ila utando wa kupimia una kifuniko chenye tundu dogo la kupumulia, na tundu hilo halikuwahi kufikiriwa kwamba siku moja litapigwa na upepo wa propela. Camel yangu ilinguruma vizuri chini. Nilirekebisha sindano mbili za kabureta, ya mwendo mdogo na ya mwendo mkubwa, mpaka nikaridhika. Ikapaa, na kila nilipoishusha pua ikashika kasi, injini ikaanza kukohoa na kutema moshi mzito. Nikatua, nikapunguza mafuta. Chini sasa ikawa inakosa mafuta, na kwa injini ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, kukosa mafuta ni kukosa oili. Nilihangaika na bisibisi wikendi mbili nzima, nikawa nageuza sindano ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa upepo. Ndege ikishika kasi, hewa inasukuma kwenye lile tundu, utando unabonyea ndani, mlango wa mafuta unafunguka kuliko inavyotakiwa. Dawa yake ni kijibomba cha shaba chembamba kama mrija wa wino wa kalamu, kikiunganishwa juu ya tundu kwa risasi ya kuchomelea, kisha mpira mwembamba unaoingia ndani ya kiwiliwili cha ndege ambako hewa imetulia. Kazi ya dakika ishirini. Sindano nikazirudisha zilipokuwa, na hadi leo sijazigusa.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Mipira ya mafuta ya silikoni iliyozoeleka kwenye methanoli isitumike. Petroli inaivimbisha na kuilainisha, tafuta ile inayovumilia petroli. Oili mimi naweka moja kwa 40, yaani mililita 25 kwa lita. Plagi iwe yenye kizuizi cha umeme ndani, na risiva ikae mbali na koili, ingawa rimoti za 2.4 GHz hazibabaishwi na cheche kama zile za zamani. Kijiti cha kuvuta kabureta kiwe cha nailoni, kisiwe waya wa chuma unaobeba kelele za umeme hadi kwenye sevo, kile kijimota kinachokisukuma. Ndani ya boneti weka vizuizi vinavyoilazimisha hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda, na tundu la kutokea liwe kubwa angalau mara mbili ya la kuingilia. Mapezi ya flaiwili yakigusa boneti, hayo nayo yakate. Sikusema chuma chote ni kitakatifu.

Camel ina zaidi ya mwaka sasa. Inapaa taratibu kama inavyopasa, na kwa sauti nzito ambayo wapitaji wengine hugeuka wakidhani kuna mtu anafyeka.

Juzi yule kijana alikuja amebeba boksi. Ndani mlikuwa na Camel kutoka kwenye ramani ileile, imepakwa rangi vizuri kuliko ya kwangu, na ile injini yake ya kilo 1.2 imeshafungwa. Tukaishika chini ya mabawa kwa ncha za vidole, mkia ukadondoka. Akanung’unika kidogo, akatoa mfuko wa vyuma vya kuvulia samaki, akaanza kuvipanga ndani ya boneti kimoja kimoja mpaka pua ikainama. Kisha akavimwaga vyote mezani na kuniomba mizani. Nikampa. Ilisoma gramu 650.

“Usiseme kitu, kaka,” akaniambia.

Sikusema. Nilimuuliza tu kama anataka nimtafutie mashine mbovu ya kufyekea.